Gesi imeshuka Ulaya, mbona mtungi wangu haujashuka?

Mtaani kwetu kuna mama mmoja ambaye kila siku baada ya Alasiri hutandika meza yake akaanza kukaanga viazi karai na bajia. Sote twamwita Bi Mkubwa. Wiki iliyopita nimesimama pale nikisubiri viazi vyangu, redio ya duka la jirani ikatangaza kwamba bei ya gesi Ulaya imeshuka. Akanigeukia na mwiko mkononi.

"Mwanangu, wewe si ndiwe unayeandika? Hebu nieleze. Gesi imeshuka kwa Wazungu, na hapo Mtwara yachimbwa kwa jirani zetu, na mimi mtungi wangu bei ni ile ile. Hiyo yao ni gesi gani?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba ni mambo ya dola, nikalipa nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu vibaya. Swali lake lina mafundo mawili, na dola yafungua nusu ya fundo moja tu. Ndiyo maana juma hili nimeamua kulijibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Tuanze na hilo la "gesi gani". Gesi iliyomo ndani ya mtungi wa jikoni yaitwa LPG, mchanganyiko wa propani na butani. Ukiibana kidogo hugeuka kimiminika, na kwa sababu hiyo yakubali kukaa ndani ya mtungi wa chuma na kubebwa nyuma ya bodaboda. Ile iliyotangazwa na redio ni gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Hii ni kaidi. Kuibana tu hakutoshi kuifanya kimiminika, mpaka uipoze kwa baridi ambayo hakuna friji ya nyumbani inayoweza kuifikia.

Mtungi wa Bi Mkubwa una safari yake. LPG yetu huja kwa meli hadi Mombasa, na hesabu ya bei yake huanzia kwenye bei ambayo kampuni ya Saudi Aramco hutangaza kila mwezi. Juu yake huongezwa nauli ya meli, gharama ya matangi, thamani ya shilingi mbele ya dola na faida ya kila mkono inayopitia. EPRA hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta taa kila tarehe 14, lakini mtungi wa gesi haumo katika tangazo hilo. Halafu kuna Bunge. Julai 2021 LPG ilirudishiwa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa. Kwa hivyo mwenye kutaka kujua mtungi utaelekea wapi atazame Saudia, dola na Nairobi. Gesi asilia ya Ulaya ni binamu tu. Wanatoka visima vya aina moja, na binamu mmoja akiugua mwingine hupata mafua, maana kuna viwanda ambavyo gesi asilia ikipanda huhamia LPG. Lakini si mtu mmoja.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini lile fundo la pili, la Mtwara, ndilo linalotuhusu zaidi kwa siku zijazo, na huwezi kulifungua bila kujua bei ya jumla ya gesi asilia hupangwa vipi. Nami nadhani watu wengi, pamoja na viongozi wetu wanaotuahidi gesi rahisi, hawajakaa kitako wakalitazama.

Mafuta ghafi ni mali rahisi kusafirisha. Yatie kwenye tangi, yaache mwaka mzima, yapakie kwenye meli, yauze popote. Kwa ajili hiyo karibu dunia nzima hufuata bei moja au mbili za mafuta. Gesi asilia ina njia mbili kubwa tu. Ya kwanza ni bomba kutoka kisimani hadi kwa mnunuzi. Ya pili ni kuisindika, yaani kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri mpaka iwe kimiminika na ujazo wake upungue mara 600 hivi, uipakie kwenye meli maalum zenye matangi yaliyotengenezwa mfano wa chupa ya chai, kisha uipashe tena iwe gesi kule iendako. Gesi hiyo iliyosindikwa ndiyo yaitwa LNG. Kiwanda cha kuisindika hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kujengwa.

Sisi watu wa Mombasa twalijua jambo hili, ila twalijua kwa maji. Maji ya Mzima hutembea kilomita 220 hivi ndani ya bomba hadi kutufikia. Siku bomba likitoa, maji ni bei ya bili. Siku likikatika, mwenye mkokoteni huuza dumu la lita 20 kwa bei aitakayo, na dumu lile lile Changamwe lina bei yake na Likoni lina bei nyingine. Maji hayakupungua Mzima. Njia ndiyo iliyokatika. Ukiyaelewa maji ya mkokoteni umeshaelewa nusu ya soko la gesi.

Kwa sababu ya njia hizo, gesi asilia haina bei moja ya dunia. Marekani wana bei yao, inayoitwa Henry Hub, jina la mahali fulani Louisiana ambapo mabomba mengi hukutana. Ulaya hufuata TTF, soko la Uholanzi. Japani, Korea na China wana bei yao ya meli za LNG. Wafanyabiashara huhesabu kwa milioni ya BTU, ambacho ni kipimo cha joto. Kwa mtu wa jikoni, milioni moja ya BTU ni joto linalokaribia lile la mitungi miwili ya kilo 13, ingawa haifiki miwili kamili.

Marekani ndiyo nchi inayotoa gesi asilia nyingi kuliko zote, na hata huko bei haitulii. Wastani wa Henry Hub mwaka 2020 ulikuwa dola 2 hivi. Mwaka 2022 ulifika dola 6 na nusu. Kufikia 2024 umerudi kwenye dola 2 na kitu. Kinachoisukuma kwanza ni hali ya hewa. Baridi ikiingia, nyumba zapashwa joto kwa gesi. Joto likizidi, mitambo ya stima huchoma gesi ili viyoyozi vifanye kazi. Basi tangu Aprili hadi Oktoba huijaza gesi ardhini, ndani ya visima vilivyokwisha na mapango ya chumvi, na kuanzia Novemba hadi Machi huitoa. Kila Alhamisi serikali yao hutangaza akiba imebaki kiasi gani. Ikiwa ni ndogo kuliko walivyotarajia wafanyabiashara, bei hupanda dakika ile ile, hata kabla mtu mmoja hajawasha jiko. Ni kama Kongowea asubuhi ikisikika tu kwamba malori ya vitunguu yamekwama mpakani. Vitunguu vya jana vingali pale, lakini bei si ya jana.

Februari 2021 barafu iliangukia Texas na majimbo jirani. Visima viliganda, mitambo ikazimika, na wakati huo huo kila mtu alitaka joto. Henry Hub ilipita dola 20, na kwenye kituo kimoja cha mauzo huko Oklahoma gesi iliuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kipimo kile kile. Yalikuwa mambo ya siku chache tu.

Sasa tazama kinyume chake. Magharibi mwa Texas kuna kituo kiitwacho Waha. Wachimbaji wa huko wanatafuta mafuta, gesi huja pamoja nayo watake wasitake. Mabomba ya kuiondoa yakijaa, hawana pa kuipeleka, na kusimamisha kisima cha mafuta ni hasara kubwa zaidi. Ndipo bei ya Waha huteremka chini ya sifuri, yaani muuzaji anamlipa mtu aichukue. Ilitokea 2019, na 2024 ilitokea siku nyingi sana. Mali ni ile ile na jimbo ni lile lile: huku mtu amelia kwa kukosa gesi, huku mwenziwe analipa ili aondolewe gesi.

Ulaya ndiko kwenye somo kubwa. Mei 2020, wakati wa Korona, viwanda vimefungwa na maghala yamejaa, bei ya TTF ilikuwa chini ya dola 2 kwa milioni ya BTU, na msimu ule wanunuzi walifuta shehena nyingi za Marekani kwa sababu hazilipi nauli. Mwaka mmoja baadaye mambo yakageuka. Majira ya baridi yalirefuka, akiba ikashuka. Upepo wa kuzungusha mitambo ya umeme ulikuwa dhaifu. Brazil ilipata ukame, mabwawa yake yakapungua, ikaanza kununua LNG kwa wingi ili ipate umeme. China ilikuwa na upungufu wa makaa ya mawe hadi ikabidi viwanda vigawiwe umeme kwa zamu, nayo pia ikaingia soko la meli. Mtu wa kawaida angeuliza, mvua ya Brazil yahusu nini na bili ya mtu wa Rotterdam? Yahusu kwa sababu meli ni zile zile, na huelekea kwa anayelipa zaidi.

Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Mwaka uliotangulia, zaidi ya asilimia 40 ya gesi ambayo Umoja wa Ulaya ilinunua kutoka nje ilitoka Urusi, nyingi yake kwa bomba. Mabomba yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Umoja wa Ulaya nao ukapitisha sheria kwamba maghala yafike asilimia 80 ya ujazo wake kabla ya Novemba 1. Nia yake ilikuwa njema, lakini ukimwambia muuzaji kwamba lazima ununue kabla ya tarehe fulani, umeshampa rungu. Juu ya hayo, mitambo mingi ya nyuklia ya Ufaransa ilikuwa imezimwa kwa ukarabati, na mito imepungua kwa ukame. Tarehe 26 Agosti 2022 TTF ilikaribia yuro 340 kwa saa-megawati. Ukigeuza hesabu, ni karibu dola 100 kwa milioni ya BTU, na siku hizo hizo Henry Hub ilikuwa kama dola 9. Yaani gesi ya Ulaya ilikuwa ghali mara kumi kuliko ya Marekani, na katikati yao ni bahari moja tu.

Mtu atasema, basi Wamarekani wangepakia gesi yao yote waipeleke Ulaya wavune. Wangeweza lau wangekuwa na viwanda vya kutosha vya kusindika. Lakini viwanda vilikuwa vinafanya kazi hadi ukomo wake. Tena kuna kisa kimoja ambacho kwangu mimi chaeleza jambo hili kuliko vitabu. Juni 8, 2022 moto ulizuka katika kiwanda cha kusindika gesi cha Freeport, Texas, mojawapo ya vikubwa nchini humo, kikafungwa kwa miezi. Ulaya bei ikapanda, kwa sababu meli zimepungua. Marekani bei ikashuka, kwa sababu gesi iliyokuwa iende Freeport ilibaki nyumbani. Moto mmoja, bei mbili, kila moja upande wake. Hakuna kisima kilichoguswa.

Bei ya Ulaya haikukaa juu milele. Watu walipunguza matumizi, viwanda vya mbolea vikazima mitambo, Desemba Ujerumani ikafungua kituo chake cha kwanza cha kupokea LNG, Wilhelmshaven, na Mola akajaalia baridi isiwe kali. Kufikia Februari 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya yuro 50. Hiyo ndiyo Ulaya, wenye pesa. Wasiokuwa nazo walikuwa upande mwingine. Julai 2022 shirika la serikali ya Pakistan lilitangaza zabuni ya kununua shehena kumi za LNG na hapakuja hata muuzaji mmoja. Bangladesh iliacha kununua kwenye soko la papo kwa hapo mwezi huo huo, na umeme ukaanza kukatwa kwa ratiba. Meli ambazo zingeenda Karachi na Chittagong zilifuata yuro. Ndugu zetu wa huko walilala kizani si kwa sababu gesi imekwisha duniani, bali wamezidiwa bei.

Na sisi tusiochoma gesi asilia hata kidogo, tulilipa pia. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ilipopaa mbolea ilipaa, na Urusi yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mbolea. Septemba 2022 gunia la kilo 50 hapa Kenya lilikuwa shilingi 6,500, serikali ikaweka ruzuku likashuka hadi 3,500. Ruzuku hiyo haikutoka mbinguni, ilitoka kwenye kodi yetu. Kwa hivyo Bi Mkubwa, ambaye unga wake na viazi vyake hutoka kwa mkulima mwenye kutia mbolea, aliilipia gesi ya Ulaya bila kuiona.

Nimezungumzia soko la papo kwa hapo kwa sababu ndilo lenye kelele. Lakini gesi nyingi ya Asia haiuzwi hivyo. Huuzwa kwa mikataba mirefu, ya miaka kumi, ishirini, ambayo bei yake hufungwa kwenye kitu kingine. Mikataba ya zamani, iliyoanzia kwa Wajapani, hufuata bei ya mafuta ghafi. Tuseme mkataba unasema gesi itauzwa kwa asilimia 12 ya bei ya pipa: mafuta yakiwa dola 80, gesi ni dola 9.60, mafuta yakifika 120, gesi ni dola 14.40, hata kama kisima cha gesi hakikubadilika chochote. Mikataba mingi ya Marekani ina hesabu nyingine: chukua Henry Hub, ongeza asilimia 15, halafu ongeza dola mbili au tatu za kiwanda. Ndani ya mikataba hii kuna kifungu ambacho kwa lugha nyepesi ni "chukua au lipa". Mnunuzi ameahidi kiasi fulani. Asipokichukua, atalipa vile vile.

Katika hesabu hii wamo jirani zetu wa kaskazini, watu wa bahari moja nasi. Wazee wetu waliwajua watu wa Sur, Oman, kwa majahazi yao yaliyokuja na kaskazi. Leo Qalhat, karibu na Sur, kuna kiwanda cha LNG kilichoanza kusafirisha mwaka 2000. Qatar nayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani, na gesi yake ya meli lazima ipite mlango wa Hormuz. Kwa miaka ya karibuni, kama sehemu moja kwa tano ya LNG ya dunia imekuwa ikipita hapo. Juni 2025 Israel na Iran walipopigana siku kumi na mbili, bei ya Ulaya ilipanda ingawa mlango ule haukufungwa, na vita viliposimamishwa ikateremka. Hofu peke yake ina bei. Mwenye kununua hungoji njia ikatike, huongeza pesa akihofia kwamba itakatika.

Sasa tuje Mtwara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ile ya Mnazi Bay 1982. Songo Songo ilianza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Halikujengwa kwa amani yote. 2013 watu wa Mtwara waliandamana, kukawa na ghasia na vifo, wakiuliza bomba likishaichukua gesi wao watabaki na nini. Baharini, katika kina kirefu, ilipatikana gesi nyingine nyingi kuanzia 2010, na mpango wa kujenga kiwanda cha kusindika Lindi umezungumzwa miaka mingi.

Jambo la kutazama ni hili. Ulaya ilipokuwa ikilipa karibu dola 100, mitambo ya umeme ya Dar haikulipa bei hiyo wala kuikaribia. Si kwa ukarimu wa mtu. Gesi ile haina njia ya kutoka: hakuna meli ya LNG wala bomba la kuvuka mpaka. Bei yake imo kwenye mikataba ya ndani na usimamizi wa serikali, na mchimbaji hana mnunuzi mwingine wa kumtishia nao. Gesi iliyofungiwa ni rahisi kwa walio ndani ya ua.

Ukifungua mlango, mambo hubadilika. Australia ya mashariki ilikuwa na gesi ya bei nafuu ya kutumia nyumbani. Viwanda vya LNG vya Gladstone vilipoanza kusafirisha, kuanzia 2015, mnunuzi wa nyumbani akajikuta anashindana na mnunuzi wa Asia, na bei ya jumla ya ndani ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka 2017 serikali yao ilibidi iweke kanuni ya kuiwezesha kuzuia usafirishaji iwapo nyumbani kutapunguka. Ni nchi inayouza gesi kwa dunia, na viwanda vyake vinalia bei.

Mei 2021 Rais Samia alipokuja Nairobi, yeye na Rais Uhuru walishuhudia kutiwa saini makubaliano ya kushirikiana kuleta gesi kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Tangu siku hiyo, kila bomba hili likitajwa kwenye mkutano, hutajwa pamoja na neno "nafuu". Mimi silipingi bomba. Mitambo ya Kipevu na Rabai huchoma mafuta mazito, na gesi ingekuwa safi zaidi kwa mapafu ya watu wanaoishi jirani. Viwanda vya saruji vya pwani vingeitaka. Lakini neno nafuu halimo ndani ya bomba. Limo ndani ya mkataba, na mkataba huo sijasikia mwanasiasa hata mmoja akiueleza.

Bei itafungwa kwenye nini? Ikifuata mafuta ghafi, basi tumehama kutoka mafuta hadi kivuli cha mafuta. Ikifuata soko la LNG, basi mvua ya Brazil na baridi ya Korea zitaingia kwenye token yetu. Ikiwa ni bei maalum yenye nyongeza ndogo ya kila mwaka, twaweza kupumua, lakini je, kiwanda cha Lindi kikijengwa na Mjapani akaja na dola zaidi, muuzaji ataruhusiwa kuifungua bei upya? Malipo ni kwa dola au kwa shilingi, na kama ni dola nani atabeba shilingi ikianguka? Na kifungu cha chukua au lipa kitakuwa cha kiasi gani? Hili la mwisho twalijua machungu yake. Kwenye mikataba ya stima tumelipia mitambo iliyosimama, hadi 2021 serikali ikaunda jopo la kuichunguza. Mkataba wa gesi wa miaka ishirini, wa kiasi kikubwa kuliko tunachoweza kuchoma, utakuwa ni kisa kile kile kwa jina jingine.

Na tusidanganyane kuhusu majikoni. Dar, Mtwara na Lindi kuna nyumba zilizounganishwa gesi ya bomba, lakini kazi ya kuchimba mitaa na kutia mabomba ni ya gharama na huenda polepole. Bomba likifika Mombasa, wa kwanza kunywa watakuwa mitambo ya umeme na viwanda. Vichochoro vya Mji wa Kale na Majengo vitasubiri sana.

Nimerudi kwa Bi Mkubwa juzi, nikamweleza haya kwa muda wa sahani moja ya viazi. Alisikiliza vizuri. Lile la Waha, la mtu kulipa ili achukuliwe gesi, hakuliamini, akasema nimeapa uongo. Kisha akauliza la kwake: mtungi utashuka lini? Nikamwambia asitazame habari za Ulaya. Mwezi ukianza, asikize bei ya Saudia na atazame dola iko ngapi, na kama zote mbili zimeshuka na mwenye duka hajashusha baada ya wiki kadhaa, ahamie duka jingine. Akaitikia kwa kichwa huku anapepea. Siku ile alikuwa anakaangia jiko la makaa. Mtungi ulikuwa umemwishia tangu Adhuhuri.